Siku Redio Yetu Ilipoacha Kufika Katangi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi nikishuka kutoka Kathiani, redio ndogo imening'inia kifuani kwa kamba ya katani, na kichwani nimebeba maneno ya mzee aliyefiwa. Redio ilikuwa nyepesi. Maneno ndiyo yaliyonilemea.

Mwanangu, sogea karibu nikusimulie. Jana nilikusikia ukiipiga redio makofi na kusema stesheni ya Machakos imekufa, kisha ukaongeza kwamba wenyewe wamewatupa watu wa upande huu. Kosa la kwanza ni dogo na nitakufundisha. La pili nimewahi kuliona likikaribia kutenganisha vijiji viwili vilivyopendana, na ndilo lililonifanya niache chai yangu ipoe.

Mimi shule niliiacha mapema, na unajua. Sikuiacha kwa uvivu. Niliona dunia ni pana na darasa ni dogo. Nimebeba mifuko ya saruji Athi River, nimechimba visima Yatta, nimelinda ghala, nimeuza betri na tochi sokoni. Wanasema mtembezi hula miguu yake. Yangu ilinilisha. Na kila nilipokwenda niliuliza, hiki kinafanyaje kazi, kile kwa nini kimesimama. Kuuliza si ujinga, na mtu asiyeona haya kuuliza hakosi mwalimu.

Wakati huo nilikuwa Kathiani, nikipakia maparachichi na maembe kwenye malori, na nikilala kwenye stoo ya mzee mmoja aitwaye Nzioka. Mzee huyu na mkewe, Mama Mutheu, walikuwa watu wa salamu. Nyinyi wa leo hamjui raha ile. Ulinunua kadi ya salamu, ukaandika majina ya marafiki, ukaituma stesheni, na asubuhi mtangazaji akaisoma mkoa mzima ukisikia. Kila mtu alikuwa na jina lake la hewani. Mzee Nzioka alijiita Nyundo ya Kathiani. Mkewe alijiita Chai Moto. Kule Katangi, upande wa Yatta, alikuwako mwenye duka aitwaye Kioko, naye akajiita Jogoo wa Katangi. Basi utasikia: "Chai Moto wa Kathiani anamsalimu Jogoo wa Katangi, na kumwambia awike polepole, kuna watu bado wamelala." Nyumba nzima ilicheka, na kule Katangi nyumba nzima ilicheka.

Usidhani ulikuwa mchezo wa maneno tu. Watu hawa waliojuana kwa sauti walikuja kujuana kwa uso. Mwaka wa njaa Yatta, Mama Mutheu alipanda lori na magunia ya mahindi mpaka kwa Mama Ndunge, mke wa Kioko, mwanamke ambaye hakuwa amewahi kumwona. Tangu hapo kila mavuno Mama Ndunge alimtumia ndengu. Vilabu vya salamu vya vijiji vyote vikawa kama ukoo. Mmoja akifiwa, wenzake huja na kuni, maji na unga, wanakaa naye, wanazika naye. Na sheria yao ilikuwa moja fupi: aliyetangaziwa ameambiwa. Msiba ukishasomwa redioni, hakuna anayengoja kuitwa kando. Asiyefika amekataa.

Shika sheria hiyo, mwanangu. Ndiyo kisa chote.

Mama Mutheu akafa. Aliugua kifua, hakukaa sana. Tangazo likasomwa kila asubuhi mpaka siku ya mazishi, sisi wenyewe tukilisikia pale uani, wazi kama mtangazaji amekaa jikoni. Walikuja wa Mitaboni, walikuja wa Mwala, walikuja wa Masii na kuni mabegani. Mzee Nzioka alikaa akitazama barabara. Wa Katangi hakuja hata mmoja. Kaburi lilipofukiwa, bado alikuwa akitazama barabara.

Wiki iliyofuata akaniita. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko machozi.

"Wewe hupendi kukaa mahali pamoja," akasema. "Sasa nenda Katangi. Mwambie Kioko jina lao tumelifuta. Wasiniletee salamu, wasiniletee pole, wasiniletee ndengu. Na siku kwao kukilia, Kathiani haitafika. Umeshika?"

"Nimeshika, mzee."

"Rudia."

Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Sasa utaniuliza, simu je? Simu zilikuwa zimeanza kuingia, lakini Katangi aliyekuwa nayo ilimbidi apande kilima kutafuta mtandao kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Na tena, nani angepiga simu wakati redio ilikuwa imeshasema?

Lori la maparachichi likanivusha mji wa Machakos, likanishusha mbele, na kutoka hapo nikawa nadandia magari ya mchanga na kutembea. Redio yangu ilikuwa kwenye stesheni ile ile tuliyoisikiliza kila siku. Kathiani ilisikika kama kengele. Mjini, chini ya vilima vya Iveti ambako mlingoti umesimama, ndiyo ilinguruma kabisa. Lakini nilipoteremka bonde la kwanza ikaanza kukwaruza. Nikapanda mgongo wa kilima, ikarudi. Nikateremka tena, ikakwaruza zaidi. Halafu, mwendo mrefu mbele, mahali barabara inapozunguka kilima na kukiacha nyuma, ghafla nikasikia kwaya ya injili na mtangazaji nisiyemjua akitaja watu wa Kitui. Mshale wa redio sikuwa nimeugusa.

Unanijua. Nikarudi nyuma hatua chache, mtangazaji wetu akarudi. Nikasonga mbele, kwaya ikammeza. Nikarudi. Nikasonga. Mama mmoja aliyebeba kuni akasimama kunitazama.

"Kijana, umepoteza nini?"

"Stesheni, mama."

"Asi! Na ilikuwa yako?"

Nikacheka, lakini moyoni jambo lilikuwa limeanza kuniwasha.

Katangi nilimkuta Kioko dukani, mwembamba, kofia imekaa upande, redio kubwa iko rafuni juu ya sabuni. Aliposikia nimetoka Kathiani aliinua mikono juu.

"Mama Ndunge, njoo uone maajabu! Leo Kathiani wamekumbuka huku kuna watu!"

Mkewe akatoka nyuma akijifuta mikono. Mama mnene, mpole, lakini ulimi anao. "Karibu, kijana. Na Chai Moto yuko aje? Mwambie siku hizi amekuwa chai baridi. Salamu zake hatuzisikii kabisa. Lakini mimi sina kinyongo, niko na ndengu yake hapa, utambebea." Akainama kwenye gunia, akaanza kuchota na kujaza kiondo.

Mwanangu, nimesimama mbele ya mbwa wakali na mbele ya askari wa kaunti, lakini sijasimama mahali pagumu kama pale. Maneno ya mzee Nzioka yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, nimeyakariri. Wanasema mjumbe hauawi. Ni kweli, lakini mjumbe pia ana macho, na macho yangu yalikuwa yakimtazama mwanamke anayemchotea ndengu maiti. Nikaona kuna habari ambayo lazima itangulie.

"Mwaitu," nikamwambia, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "Mama Mutheu tumemzika."

Mkono wake uliendelea kuchota. Akachota tena. Kisha ukasimama ndani ya gunia.

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na hakuna mtu alituambia?"

"Ilitangazwa redioni. Kila asubuhi."

"Redio gani?" akauliza Kioko. Hakuuliza kwa ukali. Aligeuka, akaongeza sauti ya redio yake, na pale pale kwenye mshale ule ule ikatoka ile kwaya ya Kitui. Tukasimama watatu tukiisikiliza ikiimba, mpaka Mama Ndunge akaketi sakafuni na kuanza kulia.

Alipotulia kidogo ndipo nikamwuliza Kioko redio yetu ilipotea tangu lini. Akasema haikupotea kabisa, na hapo ndipo sumu ilipokuwa. "Siku zingine mapema, kabla jua halijatoka, tunaipata vizuri sana. Tunasikia Kathiani wakisalimu Mitaboni, wakisalimu Masii. Sisi hatutajwi. Jua likipanda, inaenda. Tukasema, sawa, wamepata marafiki wapya. Mtu hajilazimishi."

Sasa angalia, mwanangu. Mtangazaji alikuwa akisoma salamu kuanzia vijiji vya karibu na mji, akimalizia vya mbali. Katangi ilikuwa mwishoni, na matangazo ya vifo yalifuata baada ya salamu zote. Kila ilipofika zamu yao, jua lilikuwa limeshapanda na sauti imekwenda zake. Walitajwa kila asubuhi. Walisikia kila jina isipokuwa lao.

"Na Nzioka alikutuma useme nini?" Kioko akauliza.

"Alinituma nije. Mengine mtayasikia kwake mkifika."

Kesho yake alfajiri tukaondoka, wazee hao wawili na mimi na kiondo cha ndengu. Kioko alishikilia kwamba lazima tupite kwanza stesheni mjini. Alitaka ushahidi. Alisema haendi Kathiani kuitwa mtu anayekataa kuzika bila kitu cha kujitetea mkononi. Mama Ndunge alikikumbatia tu kiondo chake, akitazama upande wa Kathiani.

Stesheni ilikuwa ghorofani, na injinia wao alikuwa mwanamke kijana aitwaye Mumbua, amevaa gambuti zenye udongo, ndiyo kwanza ametoka kilimani. Kioko akamvaa moja kwa moja.

"Mlitukata Katangi kwa sababu ya siasa?"

Mumbua akacheka, si kwa dharau. "Mzee, ningekuwa na makasi ya kukata kijiji kimoja hewani, si ningekuwa tajiri? Keti nikueleze."

Akatueleza, na mimi nikauliza mpaka akaniuliza kama natafuta kazi. Nitakupa kama nilivyopokea. Sauti ya redio ya FM husafiri karibu kama jicho linavyotazama: inanyooka. Ukiwa kilimani na unaona mlingoti, au ungeuona kama macho yako yangekuwa makali, umeipata. Kilima kikikaa katikati, unapata makombo yaliyopindia ukingoni. Katangi tangu mwanzo ilikuwa inakula makombo, ila yalikuwa makombo manono, kwa sababu mtambo ulikuwa mpya na hewani hapakuwa na msongamano. Halafu mvua ndefu zikaja, maji yakaingia kwenye kebo inayopandisha nguvu mlingotini. Nguvu ikawa haipandi yote, nyingine inarudi chini, na mtambo ukiona nguvu zake zinarudi unajipunguza wenyewe usiungue. Ni kama punda anayepunguza mwendo akihisi mzigo umekaa vibaya. Aliye karibu hajui lolote. Aliye ukingoni ndiye anayekosa kwanza.

Wakati huo huo stesheni mpya ikafunguliwa upande wa Kitui, karibu na mahali petu kwenye mshale. Na redio za FM zina tabia moja: hazichanganyi sauti mbili kama watu sokoni. Hushika yenye nguvu na kuizima nyingine. Ndiyo maana barabarani nilirudi hatua chache tu nikapata watu wengine kabisa.

"Na alfajiri je?" nikauliza. "Mbona alfajiri inafika?"

"Usiku mtulivu ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi na ya juu ina joto," akasema. "Tabaka hizo huipinda sauti, inafuata mgongo wa nchi na kufika mbali. Jua likichanganya hewa, mlango umefungwa." Kisha akaongeza jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Kebo tumeagiza, tutabadilisha. Lakini sitawaahidi ya kudumu. Miti inakua, majengo yanapanda, stesheni zinazaliwa, mitambo inazeeka. Mahali tunapofika leo si lazima tufike mwaka ujao."

Kioko akafurahi sana. Akaomba yote hayo yaandikwe kwenye karatasi na kupigwa mhuri wa stesheni. Mimi nami nilikuwa nimeinuka, naomba kupelekwa kilimani nikaone kebo iliyoingia maji. Mumbua alikuwa ameshachukua kalamu Mama Ndunge aliposimama na kuweka kiondo chake juu ya meza.

"Kioko," akasema, "mtu amefiwa na mke, na wewe unataka kumpelekea waya?"

Kioko akafungua mdomo.

"Ngoja. Na wewe kijana, macho yanakung'aa kama umeona harusi. Mama yangu hakuwa na redio. Mtu akifa, alijuaje? Mtu alitembea. Alifika mlangoni, akasema, na hakuondoka mpaka ajibiwe. Sisi tukapata redio tukakaa chini. Hata tulipoona kimya, hakuna aliyeinuka kuuliza Chai Moto ana nini. Si huyu msichana alitukata. Tuliacha kutembea." Akachukua kiondo chake. "Twende tukalie kwanza. Hizo kebo mtaongea baadaye."

Karatasi ikabaki pale mezani, nyeupe.

Kathiani tulifika jua likiwa bado juu. Mzee Nzioka alikuwa amekaa nje ya mlango. Alipotuona alishika kiti chake, akakigeuza, akatupa mgongo. Kioko akasimama palepale langoni kama aliyefungwa kamba. Mama Ndunge hakusimama. Alipita mbele ya mgongo ule, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mwekundu, akapiga magoti, na akaanza kuzungumza kwa sauti kama anayemsemesha mtu aliye jikoni.

"Chai Moto, nimechelewa. Nilikuwa nakutukana, nasema umekuwa baridi. Kumbe ulikuwa umelala hapa. Ndengu yako hii. Sikujua, mwenzangu. Naapa sikujua. Jana nilikuwa bado nakuchotea."

Mzee Nzioka aliinua kichwa. Kisha akaniita bila kunitazama.

"Uliwapa maneno yangu?"

"Nimeyarudisha, mzee," nikamjibu. "Huko sikupata anayestahili kuyasikia."

Akageuza kiti polepole. Akamtazama Kioko pale langoni.

"Redio ilisema kila asubuhi."

Kioko akavua kofia. "Nyundo, niko na maelezo mengi sana. Lakini Mama Ndunge amenikataza kuongea mambo ya waya."

Sijui ni nini kilichofunguka kifuani mwa mzee yule. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka, na macho yale makavu yakatoa maji yote yaliyokuwa yamekataa kutoka tangu mazishi. Kioko akavuka lango mbio. Wazee wawili wakashikana kama watoto. Baadaye Nzioka akaniambia niwashe moto, na chai ile niliipika mwenyewe, ikanywewa ikiwa moto, maana hakuna aliyethubutu kuiacha ipoe nyumbani kwa mwanamke yule.

Kabla ya kulala walikuwa wamebadilisha sheria. Tangazo litasomwa kama kawaida, lakini kila kijiji cha mbali kitatumiwa mtu, naye atakaa mlangoni mpaka ajibiwe. Sheria mpya ikawa: aliyejibu ndiye aliyeambiwa. Wakauliza nani ana miguu ya kazi hiyo, na wote wakanigeukia. Hivyo ndivyo mzururaji alivyopata cheo.

Kebo ilibadilishwa, na Katangi wakaipata tena stesheni yetu kwa miaka mizuri. Kisha ikayumba tena, kwa sababu nyingine. Sheria haikuyumba.

Basi, mwanangu, kuhusu redio yako. Usiipige makofi. Inyooshe antena, isogeze karibu na dirisha linalotazama Iveti, chomoa ile chaja yako ya bei rahisi inayovuma ukutani, usikilize alfajiri na usikilize mchana, uone tofauti. Ikikataa, nenda stesheni ukaulize, na uulize kwa adabu. Utakuta mtu anayejua na anayefurahi kuulizwa. Hilo ni la redio, na ni jepesi.

La watu ndilo hili. Sauti ya mtu haifiki daima mahali ilipofika jana. Katikati huota vilima ambavyo hakuna aliyevipanda: kazi, umri, ugonjwa, aibu, simu iliyozimika. Ukisikia kimya kutoka kwa umpendaye, usikiandikie maana kutoka kichwani mwako. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na salamu ya mbali haimalizi undugu. Inuka. Nenda mpaka mlangoni. Sema, na ungoje ujibiwe. Na wewe ukiwa ndiye uliyetangaza, usijisifu kwamba ulisema; uliza kama ulisikika.

Shangazi yako hajapiga simu tangu mvua ziishe, na nimekusikia ukisema ana maringo. Viatu vyako viko pale mlangoni. Mungu aibariki miguu yako, aweke daraja kila bonde sauti yako inapokatika, na kila mlango utakaobisha akuwekee nyuma yake mtu mzima wa afya, wa kukujibu. Nenda, mwanangu, na umsalimie kwa jina langu.